Nilimfundisha Majibu ya Uongo, Akaniita Mwalimu

Sitaki mnihurumie. Nimesoma maungamo mengi hapa, na karibu kila mtu anakiri nusu, ile nusu nyingine anajitetea. Shetani alinipitia. Umaskini ulinisukuma. Nilikuwa mdogo. Mimi shetani hakunipitia! Nilikaa chini mchana kweupe, nikiwa nimeshiba, nikafanya jambo chafu kwa akili zangu timamu, na nikalirudia Jumamosi baada ya Jumamosi.

Nilimharibia rafiki yangu kichwa. Nimetafuta namna ya kulisema kwa upole nimeikosa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, naishi Laini Saba, Kibera, chumba kimoja karibu na reli. Kwetu ni Magharibi mwa Kenya. Ni karani wa stoo katika kampuni moja ya kusambaza unga na mafuta ya kupikia huko Industrial Area. Huyo rafiki nitamwita Mwikali, ingawa si jina lake. Ni Mkamba wa Kitui, anaishi Kawangware, na ni karani kama mimi, ila yeye yuko upande wa kupokea oda. Tuliajiriwa mwezi mmoja. Nilipokuwa naogopa hata kuigusa ile kompyuta ya stoo, ni yeye aliyekaa na mimi saa za chakula akanionyesha, na hakunicheka hata mara moja.

Mwaka jana kampuni ilibandika tangazo ukutani. Mfanyakazi mmoja atalipiwa masomo ya jioni katika shule ya biashara. Mmoja tu! Anayetaka aandike jina, afanye mtihani wa kuingia, na atakayepata alama nyingi kuliko wengine ndiye atakayeenda.

Kama umewahi kukaa stoo miaka sita ukihesabu katoni za mafuta, utaelewa nililisoma vipi tangazo hilo. Siku hiyo nilipita pale mara tatu nikijifanya naenda kunywa maji. Mara ya tatu nikamkuta Mwikali amesimama hapo hapo.

"Tusome pamoja," akaniambia. "Akichukua mmoja wetu, si bado ni sisi?"

"Hiyo ni poa," nikasema. Na wakati huo nilimaanisha. Sikuanza nikiwa mchafu. Uchafuni niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mtihani wenyewe una hesabu, na hesabu kwa Mwikali ni mchezo. Halafu una sehemu ya pili inayotisha watu wengi. Unapewa aya fupi, ndani yake mtu anadai jambo fulani. Unaulizwa: ni kitu gani kingelidhoofisha dai hili? Au: huyu msemaji amechukulia nini bila kukisema? Chini kuna majibu matano, A mpaka E. Ukiyasoma haraka yote yana maana. Ukweli ni kwamba moja ndilo lenyewe, manne yamewekwa pale kukupoteza.

Tulipata kitabu cha mazoezi, fotokopi iliyochakaa, kutoka kwa jamaa mmoja wa Kawangware aliyejaribu mtihani huo akakata tamaa. Majibu yalikuwa nyuma. Wiki ya kwanza tuligundua sisi wote ni wezi. Swali likiuma kidogo, kidole kinafungua nyuma!

Mwikali ndiye aliyepata dawa. Alileta kisu cha jikoni, akakikata kitabu vipande. Sehemu ya kwanza ya maswali, ile ya kudhoofisha dai, akachukua yeye. Sehemu ya pili, ya kuunga dai mkono, nikachukua mimi. Halafu tukabebeana majibu. Mimi nikabeba majibu ya maswali yake, yeye akabeba ya maswali yangu. Karibu na mtihani tungebadilishana kila kitu.

Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulihitaji kitu kimoja tu, kwamba anayebeba majibu asiwe mwongo.

Tulikutana Jumamosi mchana tukitoka kazini, nyuma ya kanisa lao Kawangware, kwenye mabenchi ya watoto wa Sunday school. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ndani, wimbo mmoja wakiurudia mpaka sisi wenyewe tukaujua. Mwikali anasoma majibu yake, mimi naangalia karatasi, namwambia sawa au si sawa. Tunabadilishana, ananipima na mimi.

Maswali yameandikwa kwa Kiingereza cha mbali, viwanda vya jibini, manispaa, ndege. Mwikali alikuwa na tabia ya kuyaleta nyumbani kwanza. Hakuwa anajibu swali lolote kabla hajalihamishia mtaa.

"Skiza hii," angesema. "Kuna mama wa Silanga, huko kwenu Kibera, ametoa meza yake ya sukuma wiki huko kwa dam, ameileta kando ya njia. Sasa anauza sana. Anasema ni juu ya njia. Nini inaweza kuonyesha amekosea?"

"Labda jirani yake mwenye kuuza sukuma amefunga."

"Ee! Ama shule zimefunguliwa, watu wamerudi kutoka ushago, huko mashambani. Si unaona? Hujasema yeye ni mwongo. Umeonyesha tu kuna sababu ingine."

Alikuwa na kipaji, ndugu zangu. Nasema wazi. Alikuwa anaona ufa kwenye maneno ya mtu kabla mtu hajamaliza kusema.

Wiki ya tatu alipata kumi na nane kati ya ishirini. Mimi nilipata kumi na moja.

"Usijali," akaniambia, "utashika tu. Hizi zako tutazirudia pole pole."

Alinisemesha vizuri, kwa roho safi. Na mimi nikachukia! Nilitembea kutoka Kawangware mpaka Laini Saba nikizirudia zile alama kichwani. Hesabu ananishinda. Hii nayo ananishinda. Kwa hivyo mimi kazi yangu ni kumsindikiza mtu akapokee kiti changu? Kiti changu, nilikuwa nishakiita hivyo. Pale kwa ploti ninapopanga nilikuwa nimeshawatangazia majirani kwamba mwaka ujao wataniona na begi la chuo.

Jumamosi iliyofuata, kwaya ikiwa imeanza, tukafika kwenye swali la malori. Mji fulani ulikataza malori kuingia mchana, ajali zikapungua, mkubwa wa mji akasema ni kwa sababu ya malori. Ni nini kinadhoofisha dai lake? Mwikali akalihamishia Ngong Road, akafikiri kidogo.

"B," akasema. "Mwezi huo huo waliweka bumps, yale matuta ya barabarani. Inaweza kuwa ni bumps."

Nikaangalia karatasi. B. Iko pale, herufi nyeusi. Nikainua kichwa.

"Zii. Ni D."

"D? D si ile ya wenye malori wanalia hasara? Hasara yao inaingiliana aje na ajali?"

Nikaanza kumweleza. Neno kwa neno nakumbuka, na nikilikumbuka nasikia kinyaa. Nilimwambia, wenye malori wakilia, maana yake sheria inawauma. Sheria ikiwauma wataivunja. Wakiivunja, malori bado yako barabarani. Malori yakiwa bado barabarani, si malori yaliyopunguza ajali.

Mwikali alilisoma swali upya, kidole kikifuata mistari. Nilidhani ameninasa.

"Kumbe unaenda hatua tatu mbele," akasema taratibu.

"Hapo ndipo unaanguka," nikamwambia. "Unachukua ile iko wazi. Hawa watu hawawezi uliza kitu rahisi hivyo."

Akachukua daftari lake, akaandika kwa kalamu nyekundu: Mwalimu anasema, jibu lililo wazi ni mtego.

Mnataka kujua nilihisi nini? Utamu! Si majuto, si hofu. Utamu mpaka tumboni. Ptuu! Naandika haya na natamani kujitemea mate.

Basi nikashika hiyo kazi kwa bidii. Sikumwambia kila jibu amekosa, la, ningeshukiwa. Nilimwachia kumi na moja, kumi na mawili, nikamnyang'anya yaliyobaki. Saa za chakula nilijificha nyuma ya katoni na majibu yake, pamoja na maswali niliyokuwa nimeyanakili, nikitafuta sababu nzuri ya kila jibu baya. Kuna watu hutumia saa zao za chakula kusali. Mimi nilikuwa napika uongo.

Na sikilizeni uchafu wenyewe. Kwa kutafuta uongo unaoingia akilini, ilibidi kwanza nielewe ukweli sawasawa. Hivyo ndivyo nilivyoboreka! Alama zangu zilipanda kwa sababu nilikuwa nazishusha zake. Naye, maskini, upande wake alinipima kwa haki, swali langu moja akilirudia mara nne mpaka niseme nimeelewa.

Siku moja aliniuliza, "Mbona zako huwa zimenyooka na zangu zina kona kona?"

"Zako ni zile ngumu," nikamwambia. "Ndiyo maana ulipewa wewe."

Akatabasamu. Jamani, akatabasamu!

Wakati wa kubadilishana ulipofika nilikuwa na uongo mwingine tayari. Nilimwambia mvua iliingia nyumbani, bati linavuja, karatasi zote za majibu zimeloa zikawa uji. Nani atabisha? Laini Saba, bati kuvuja ni habari? Jumatatu yake Mwikali alikuja kazini na karatasi kubwa ya nailoni ameikunja vizuri, akanipa nitandike chini ya bati vitabu vyangu visiloe tena. Niliichukua. Nikasema asante.

Kufikia hapo alama zake zilikuwa tisa, wakati mwingine saba. Mtu aliyeanza na kumi na nane! Alikuwa anachukua jibu sahihi, analiangalia, analiogopa kwa sababu liko wazi, analiacha. Sikuhitaji hata kumdanganya tena. Alijipoteza mwenyewe kwa ile sheria niliyompa.

"Labda kichwa yangu imefika mwisho," akasema Jumamosi moja, akijishika paji la uso.

Ningeweza kusema kitu chochote. Ningeweza hata kunyamaza. Nilisema, "Si kila mtu ameumbiwa hii kitu, Mwikali. Hata kupokea oda ni kipaji."

Kama kuna sentensi moja nitaulizwa siku ya mwisho, ni hiyo.

Wiki moja kabla ya mtihani mama yake alikuja kutoka Kitui. Nilifika nyuma ya kanisa nikamkuta amekaa kwenye benchi letu, leso amejifunga, na kando yake mfuko wa pojo na chupa kubwa ya asali. Aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu mtoto ananiambia unaacha kupumzika kwako uje umfundishe. Wengine hawawezi. Ni muvea, asante, mwanangu. Mungu akuongeze. Sina kitu, lakini hii asali ni ya mizinga ya baba yake."

Mtu mwingine hapa angeandika kwamba asali ile haikupita kooni. Ilipita! Nilikula na chapati asubuhi mpaka chupa ikaisha, nikalamba kijiko. Ilikuwa tamu. Hivyo ndivyo nilivyo.

Tukafanya mtihani. Mwikali alinipita mbali kwa hesabu. Kwa ile sehemu nyingine alianguka vibaya sana, chini ya watu ambao hawakusoma kabisa. Mimi nikachukua nafasi.

Matokeo yalipobandikwa, yeye ndiye wa kwanza kunipa mkono. Akawaambia wote waliokuwa pale, "Huyu ni mwalimu wangu. Mimi nilikuwa najua atachukua."

Watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu. Mnafiki mkubwa!

Sasa, nilidhani hasara yake ni kiti tu. Nilijiambia, kiti ni kiti, atapata kingine. Sikujua nimemwachia nini kichwani.

Mwikali wa zamani alikuwa mtu wa kubishana. Dereva akileta maneno yasiyoshikana, anayafungua palepale, watu wanacheka, dereva mwenyewe anacheka. Mwaka huu alinyamaza. Kwenye mikutano ya wafanyakazi msimamizi akimuuliza maoni anasema, "Mimi sijui, uliza mwalimu." Ni kama mzaha, lakini hakuwa anacheka. Oda ya kawaida anaipitia mara tano. Siku moja nilimsikia akimwambia mteja kwa simu, "Ngoja niulize mwenye akili." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na ratiba ya masomo yangu mkononi.

Halafu mwaka huu tangazo likarudi. Nafasi moja tena, mtihani ule ule, na orodha ya majina ingefungwa Ijumaa.

"Andika jina," msimamizi akamwambia.

"Zii," Mwikali akajibu. "Nishajua kichwa yangu. Niliona mwaka jana."

Jina lake halikuandikwa. Nilikuwa nikiipita ile orodha nikiangalia. Sikusema lolote.

Jumanne ya wiki hiyo, saa ya chakula, akanijia Winnie. Winnie ni msichana mpya upande wa oda, anasali kanisa moja na Mwikali. Alikuwa ameshika daftari.

"Niaje mwalimu," akasema. "Nisaidie na hii swali. Naona kama ni B lakini notes zinasema usichukue ile iko wazi."

Nikaliangalia lile daftari. Mwandiko wa Mwikali. Ukurasa baada ya ukurasa, kila kitu nilichowahi kumdanganya, kimepangwa vizuri, kimepigiwa mstari kwa rula, na juu ya kila ukurasa, kwa wino mwekundu, Mwalimu anasema. Alikuwa hajatupa hata neno moja langu. Aliona halimfai yeye kwa sababu yeye ni mjinga, akampa mwenye akili limsaidie!

"Niachie nilipitie," nikamwambia.

"Chukua tu. Hata nimeshapiga picha zote, nikatumia wale wengine wanne tunasoma na wao."

Nilienda nyuma ya stoo nikatapika.

Mtasema, hapo basi akakimbia kwa Mwikali akamwambia. Hata mimi ningependa kuwaambia hivyo. Jumanne sikwenda. Jumatano nilikuwa na darasa. Alhamisi nikasema nimechoka. Ijumaa nilimwona Mwikali kwenye ngazi, tukasalimiana, akaniuliza masomo yanaendeleaje, nikasema poa. Jioni orodha ikatolewa ukutani.

Jumamosi ndipo nilipokwenda Kawangware.

Nilimkuta nje ya nyumba yao, amekaa kwenye kigoda, anachambua pojo kwenye ungo. Akanisogezea kigoda kingine.

"Mwalimu! Umepotea huku."

"Mwikali, yale majibu niliyokuwa nakupa yalikuwa ya uongo."

Nilisema hivyo tu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakapotea yote.

"Uongo aje?"

"Ulikuwa unapata. Nikakuambia umekosa. Nilikuwa na majibu kwa mkono na nikakuambia umekosa."

Mikono yake ilisimama juu ya pojo. Halafu akaanza kuuliza, na sitasahau sauti yake, ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ile ya malori?"

"Ni B."

"Nilisema B."

"Ulisema B."

"Ya kiwanda, ile wafanyakazi walibadilishiwa saa?"

"Ulikuwa sawa."

"Ya ile hospitali?"

"Sawa pia."

Aliyakumbuka yote! Aliuliza maswali kumi, kumi na mawili, moja baada ya jingine, kwa kichwa, bila daftari. Kila moja alikuwa amelipata.

"Kwa hivyo," akasema, "mimi si mjinga?"

Nikatingisha kichwa, la, si mjinga.

Akacheka. Mniamini, alicheka! Aliweka mkono mdomoni, akacheka mpaka machozi yakatoka, akasema, "Aki Mungu. Aki Mungu wangu. Mimi si mjinga." Jirani alichungulia mlangoni kuona kuna nini. Ningependa sana angenipiga. Ningependa angenimwagia maji ya moto. Mtu unamfanyia unyama huo, unamwambia, na kitu cha kwanza anachohisi ni furaha, kwa sababu mwaka mzima ulikuwa umemfanya ajione si kitu. Hapo ndipo nilijiona vizuri.

Kicheko kilipoisha alifuta macho kwa kitambaa.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanishinda."

"Si ungesoma?"

Nikatoa kijiwe kimoja kwenye ungo wake, nikakitupa.

"Na kwa nini leo? Nini imekuleta leo?"

Nikamweleza kuhusu daftari, jinsi Winnie alivyonionyesha, na jinsi wale wanne walivyotumiwa picha. Nilianza hata kujisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Nilidhani kibaya kimepita. Mwikali alikuwa ananisikiliza ameinamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akikaa kwenye benchi akisoma swali.

"Winnie alikuonyesha lini?"

"Wiki hii."

"Siku gani?"

"Jumanne."

"Na majina yamefungwa lini?"

Pojo chache zilidondoka kutoka kwenye ungo, hakuna aliyeziokota.

"Jana," akajijibu. "Ungeniambia Jumanne, ningeandika jina. Ungeniambia hata jana asubuhi, ningeandika. Umengoja ifungwe. Umeona nikifanya tena nitakupita, watu waulize mwaka jana kulienda aje. Ukangoja. Halafu ndiyo umekuja na hiyo uso ya kutubu."

"Mwikali, sikuwa nimefikiria hivyo."

"Ulifikiria," akasema. "Hujajiambia tu."

Nawaapia, mpaka alipotamka hayo sikuwa nimejua. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ni uchovu, ni darasa. Yeye aliona ufa mara moja, bila karatasi, bila A mpaka E. Na kile kilichokuwa ndani ya ufa ni kile kile cha mwaka jana, kimekaa tu, hakijaoga.

"Nenda umwambie Winnie," akasema. "Na hao wanne. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mama yangu nitamwambia mimi, wewe usimkaribie. Na mimi usiniite rafiki tena, hata kwa salamu."

Akarudi kwenye pojo zake. Niliondoka, na kile kigoda nilikiacha pale katikati ya njia kwa sababu sikujua hata kama nina haki ya kukirudisha.

Winnie nilimwambia Jumatatu. Hakupiga kelele. Alifuta picha moja baada ya nyingine mbele yangu, kisha akauliza, "Na wewe unalala aje?" Wale wanne niliwapigia mmoja mmoja. Wawili walinikatia simu. Mmoja alinitukana kwa Kikamba, sikuelewa maneno, nikaelewa maana.

Mwikali hajapeleka habari kwa wakubwa. Nimengoja afanye hivyo na hajafanya. Tunapita kwenye ngazi, ananipita kama ukuta. Lakini nimesikia anabishana tena. Juzi aliufungua mpango wa msimamizi mbele ya mkutano mzima, kipande kwa kipande, mpaka msimamizi akaketi. Watu walicheka na kupiga meza. Mimi nilikuwa nyuma, mlangoni, na nilijua kila kipande anachokivuta ni kipaji nilichotaka kukizika kikiwa hai.

Mtaniuliza, je, masomo umeyaacha? Umeenda kwa wakubwa ukasema kiti si chako? Nimepanda ngazi za ofisi yao mara mbili. Mara mbili nimeshuka. Bado naenda darasani jioni, nakaa kwenye kiti cha mtu mwingine, nafungua kitabu, na harufu yangu mwenyewe inanishinda. Jina langu hamtaliona hapa kwa sababu hiyo, mimi bado ni mwoga na bado ni mwizi.

Kwa hivyo msichukue ushauri wangu kama wa mtu aliyetubu. Uchukueni kama wa mtu anayejua uchafu huo kwa ndani.

Wewe ambaye kuna mtu anakuambia kila wiki kwamba kichwa chako hakifai, kwamba hukuumbiwa kitu hiki, usikimbilie kujiangalia wewe. Mwangalie yeye kwanza. Jiulize anapata nini wewe ukiamini. Omba karatasi ya majibu uisome kwa macho yako, hata kama ni rafiki, hata kama ni ndugu, hata kama mama yako amembariki.

Na wewe mwenzangu, ambaye sasa hivi umeshika majibu ya mtu na unamwangalia usoni ukimwambia amekosa, mwambie ukweli leo. Usingoje Jumamosi.